Mathenge Alipozima Kipaza Sauti

Jopo lilikuwa la wahadhiri watatu, lakini aliyemtisha Wanjugu ni Daktari Kimaiyo. Kwa miaka mitatu Wanjugu hakuwahi kuinua mkono darasani. Maswali yake aliyaandika kwenye karatasi akayapenyeza chini ya mlango wa mhadhiri. Siku hiyo ya Julai 2008 ilibidi aongee. Tasnifu ikikataliwa angetafuta mada mpya, na kuhitimu kungesogea mwaka mzima.

Mada yake ilikuwa filamu moja ya mapigano kuhusu mji wa siku zijazo uliozungushiwa ukuta, matajiri ndani, wengine wote nje. Sura ya kwanza ilichambua kanuni za utanzu huo: shujaa mpweke, serikali katili, magari yanayofukuzana. Ya pili iliusoma ule ukuta kwa nadharia ya matabaka. Kimaiyo aliziridhia zote mbili. Iliyomkera ni ya tatu, ambamo Wanjugu alitoka maktabani akaenda mtaa wa Bahati, kwenye kibanda cha video cha Mathenge.

Mathenge hakuwa wa kuonyesha filamu tu. Aliketi kando ya televisheni na kipaza sauti, akaipunguza sauti ya Kiingereza ya filamu, akaigiza kila mtu kwa Kiswahili chake, hata mbwa. Novemba 2007, kabla ya uchaguzi, Wanjugu alikuwepo filamu ilipofika kwenye kizuizi, askari wakikagua vitambulisho na kuwachomoa watu fulani kwenye foleni. Mathenge alimpa mzee mmoja wa foleni sauti ya kilevi: "Afande, kitambulisho kiko chini ya kuku. Analalia, siwezi mwamsha."

Kibanda kizima kiliangua kicheko.

Machi, chuo kilipofunguliwa tena, Wanjugu alirudi. Safari hii wengi kwenye mabenchi walikuwa wageni, waliofukuzwa makwao Januari katika ghasia za baada ya uchaguzi. Kizuizi kilipotokea, Mathenge alizima kipaza sauti. Dakika nne nzima hakutoa neno, na hakuna aliyemwambia aendelee.

Kimaiyo alisema hizo ni habari za kijiweni, si uhakiki. Utanzu wa filamu umo ndani ya filamu, haumo kwenye benchi la mtazamaji. Akamwonyesha njia rahisi: aiondoe sura ya tatu, watie sahihi saa hiyo hiyo.

"Siiondoi, Daktari," Wanjugu alisema, kwa sauti ndogo kiasi kwamba alilazimika kurudia. Kisha akaendelea, macho mezani. Filamu ilikuwa ileile, diski ileile, msimulizi yuleyule. Novemba watu walitazama kichekesho. Machi hawakutazama kichekesho. Sura mbili za kwanza hazikuweza kueleza kilichobadilika.

Kimaiyo alifunua kurasa polepole. "Umeandika watazamaji walicheka. Wewe ulikuwa wapi?"

"Benchi la pili."

"Ukacheka?"

"Nilicheka sana."

"Mbona haumo humu?" Akamsukumia nakala. "Sura ibaki. Lakini ujiandike na wewe, ama sitii sahihi."

Alitoka akaketi kwenye ngazi za maktaba, akaifuta aya nzima ya watazamaji kucheka. Aliandika kwamba alicheka mpaka machozi. Akaandika pia kwamba mikono ya yule mzee wa foleni ilikuwa ikitetemeka tangu mwanzo, Novemba kama Machi, na kwamba mara ya kwanza hakuiona.