Kifungu cha Saba na Tangazo la Godoro

Jumatatu, tarehe 14 Julai. Upepo ulianza kabla ya jua kuchomoza, na ilipofika saa mbili asubuhi mvua ilikuwa ikipiga kwa upande na mawimbi yanapanda juu ya gati. Kivuko cha saa tatu kilifungwa kamba nne badala ya mbili. Nahodha alisema hatoki, na hakuna aliyemlaumu. Naliandika hilo mapema ili lisije likapotoshwa.

Katika ukumbi wa kusubiria tulikuwa abiria sitini na watatu. Kwenye benchi la pili kutoka dirishani alikaa jirani yangu, mpiga chapa, ambaye mtaa mzima tunamwita Bi Wino kwa sababu kucha zake hazijawahi kutakata tangu alipokuwa msichana. Ana miaka hamsini na mbili. Karakana yake ni chumba kimoja nyuma ya soko: mashine mbili za kuchapa, moja ya kukatia karatasi, na rafu ya bahasha za kaki inayofika darini. Kila kazi ina bahasha yake, na ndani yake mna barua ya mteja, karatasi ya majaribio iliyotiwa saini na mteja, na nakala moja safi. Alirithi tabia hiyo kwa marehemu baba yake. Ni mtu wa maneno machache. Ukitaka kujua kama amekasirika, tazama anavyokunja karatasi.

Kando yake alikuwa mama yake, miaka sabini na tisa. Jicho lake la kushoto lilikwisha kufa, na la kulia lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho. Ng'ambo kulikuwa na daktari wa macho anayefika mara moja tu kwa mwaka, na siku yake ya mwisho ilikuwa kesho yake, Jumanne. Jina la bibi lilikuwa kwenye orodha ya saa nne asubuhi. Bi Wino alichagua kivuko cha Jumatatu makusudi, wawe na siku moja ya akiba. Sasa akiba yenyewe ilikuwa inaliwa na upepo.

Saa tatu ikapita. Ikapita saa nne, ikapita saa tano, na hakuna aliyekuja kutuambia lolote. Maji ya kunywa hayakuwepo. Choo kilikuwa na kufuli, na ufunguo, tuliambiwa, uko kwa mtu. Msimamizi wa kituo alipita mara tatu, koti lake la mvua linachuruzika, na kila alipoulizwa alijibu neno moja: subirini. Muuza vitunguu mmoja, aliyekuwa amekalia gunia lake, akambatiza hapohapo.

"Bwana Subirini! Hata mgonjwa huambiwa anaumwa nini. Tunaondoka, au tuanze kuota mizizi?"

"Subirini."

"Huyu alikaa tumboni miezi kumi na miwili," bibi akasema kwa sauti. "Mama yake namwonea huruma." Ukumbi mzima ukacheka.

Saa saba msimamizi akarudi, safari hii na karatasi mkononi. "Safari za leo zimefutwa. Kesho vivuko vyote viwili vimejaa, watu walishakata tiketi. Nyinyi mtapanda nafasi ikipatikana."

"Na tiketi zetu?" mtu akauliza.

"Zilitobolewa pale mlangoni mlipoingia. Tiketi iliyotobolewa imetumika. Huo ndio utaratibu wetu."

Imetumika! Kivuko hatujakikanyaga hata kwa ncha ya kidole. Bi Wino akasimama.

"Samahani, msimamizi. Kifungu cha saba cha masharti ya safari kinasema abiria aliyezuiwa na hali ya hewa atapanda safari ya kwanza inayofuata, kwa tiketi ileile, kabla ya wengine wote. Na wakati anasubiri atapewa taarifa kila saa, maji ya kunywa na choo."

"Kimeandikwa wapi hicho, dada? Hebu nionyeshe."

"Nyuma ya tiketi."

Watu sitini na watatu tukageuza tiketi zetu. Nyuma palikuwa na masharti, la kwanza hadi la sita. Chini yake, badala ya la saba, palikuwa na picha ya godoro na maneno: Lala kama mfalme.

"Haya, wafalme," muuza vitunguu akasema, "lakini hilo godoro lenyewe mbona silioni?"

Watu walicheka, Bi Wino hakucheka. Alikuwa anaikunja tiketi yake mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka ikawa kama punje ya mahindi. Tiketi zile anazichapa yeye. Mwezi wa pili karatasi ya majaribio ilirudi karakanani na maandishi ya kalamu nyekundu: toa namba saba, weka godoro. Alijua kifungu kile kimewekwa na mamlaka ya usafiri wa majini, na kampuni haina ruhusa ya kukifuta. Hakuuliza; alichapa, akasahau mpaka alipoigeuza tiketi yake leo. Alikuwa amezoea kwamba mpiga chapa hutafuta makosa ya herufi, makosa ya mteja hayamhusu.

"Ni mimi, mama," akasema kwa sauti ndogo. "Nilikitoa kwa mikono yangu."

"Basi kirudishe kwa mikono hiyohiyo," bibi akajibu. "Na uniachie mtandio wako, hapa baridi."

Bi Wino akatoka nje kwenye mvua bila mwavuli. Aliporudi kutoka karakanani, saa tisa kasorobo, alikuwa amelowa chapachapa, na bahasha mbili za kaki ameziviringisha ndani ya mfuko wa plastiki. Ya kwanza ilikuwa na barua ya mamlaka, iliyoagiza masharti yote saba yachapwe kwenye tiketi, na yabandikwe kwa maandishi makubwa katika kila ukumbi wa kusubiria.

"Nilichapa mabango ishirini," alimwambia msimamizi. "Mliyapokea, hii hapa saini. Yako wapi?"

Tukatazama kuta. Palikuwa na kalenda ya mwaka jana.

Akafungua bahasha ya pili na kuinua ile karatasi yenye kalamu nyekundu. "Na hii saini ni ya nani?"

Msimamizi aliijua, ilikuwa yake. Akasogea karibu, akashusha sauti, lakini ukumbi ulikuwa umenyamaza kiasi kwamba hata sisi wa nyuma tulisikia.

"Bi Wino, sisi na wewe tumefanya kazi miaka mingi. Mkataba wa tiketi unaisha mwezi ujao, unajua. Wewe na bibi kesho nitawapenyeza kivuko cha kwanza. Viti viwili. Hawa wengine niachie mimi."

"Anasema nini?" bibi akauliza.

"Anatupa viti viwili, mama. Chini ya meza."

"Mimi sioni meza, sembuse chini yake."

Bi Wino akamgeukia msimamizi, na hapo ndipo nilipomsikia akipaza sauti kwa mara ya kwanza tangu tujuane. "Mtu aliyefuta kifungu kizima atashindwa kufuta ahadi ya mdomo? Niandikie. Niandikie majina sitini na matatu, kivuko cha kwanza, uweke saini."

"Sina mamlaka ya kuandika kitu kama hicho."

"Ya kufuta ulikuwa nayo!"

Msimamizi akaingia ofisini, akafunga mlango. Bi Wino akatutazama sote. "Tiketi zenu msizitupe. Kesho saa kumi na moja alfajiri kila mtu awe hapa nayo." Kisha akamshika mama yake mkono, wakaenda karakanani, na kabla ya giza kuingia mashine ilikuwa inanguruma.

Kesho yake asubuhi upepo ulikuwa umelala. Bi Wino alisimama nje ya lango na kopo la gundi, brashi, na vikaratasi sitini na vitatu vilivyokatwa sawasawa na lile godoro. Alichukua tiketi moja baada ya nyingine, akapaka gundi juu ya godoro, akabandika kifungu cha saba, akakandamiza kwa kidole gumba. Ukutani, mahali pa kalenda, akabandika bango. Mkata tiketi alisoma ya kwanza, akamtazama msimamizi. Msimamizi alitazama barua ya mamlaka iliyokuwa kwapani mwa Bi Wino, akatazama foleni, kisha akatazama bahari. Lango likafunguliwa.

Tulipita wote. Bi Wino na mama yake walibaki wa mwisho. Badala ya kupita, alisimama mbele ya msimamizi na kunyoosha kiganja chenye gundi.

"Ufunguo wa choo," akasema.

Hakukishusha kiganja mpaka alipoupata. Akampeleka mama yake, akamngoja mlangoni, akamrudishia msimamizi ufunguo wake bila kumwambia asante, ndipo wakapanda.