Kitovu cha Fawziya

Mama mkwe wangu, Bi Kaltham, hakuwa mtu wa kuficha mambo. Ukinenepa atakwambia, na mchuzi wako ukizidi chumvi atakwambia mbele ya wageni. Siri yake ilikuwa moja tu. Ilikaa kabatini, chini ya kanga zake za kutokea, ndani ya kijaluba cha fedha ambacho zamani watu walikuwa wakitilia tambuu. Siku moja tunapanga nguo, miaka michache baada ya mimi kuolewa na mwanawe Yaarub na kuhamia kwake Ibra, alikifungua akanionyesha fundo dogo la kanga.

"Kitovu cha Fawziya," akasema. "Usimwambie."

Kwao Unguja, kwenye shamba lao la Bububu, kitovu cha mtoto kikikatika kilikuwa kikizikwa, juu yake unapandwa mnazi, na mnazi ule ni wake. Yaarub ana wake, na mdogo wake Zuhair ana wake. Fawziya, dada yao mdogo, alizaliwa Mombasa mwaka 1964, mama yake ametoka Unguja na mimba kubwa na begi moja. Walikuwa wamepanga chumba. Bi Kaltham akasema kitovu cha mwanawe hakizikwi kwenye uwanja wa watu, atakizika wakirudi. Wakaenda Dubai, kikaenda nao. Wakaja huku Ibra kwa jamaa za mumewe, Waarabu wa hapa, kikaja nao. Mume akajenga nyumba yenye uwanja mpana, Mungu akamchukua, na kitovu bado kiko kabatini. Kila Ijumaa jirani yetu Bi Turkiya, naye wa Unguja, akija kunywa kahawa alikuwa akimuuliza, "Kaltham, utarudi lini?" Na kila Ijumaa jibu ni lile lile: "Mwakani inshallah tutarudi."

Mimi jambo hili lilikuwa likiniudhi, sifichi. Yaarub na Zuhair, wanaume wazima wenye masharubu na kazi za serikali, wakikaa kula hubishana mnazi wa nani mrefu zaidi, minazi ambayo hawajaiona tangu utotoni. Fawziya huinama akala. Siku moja, yuko bado skuli, aliuliza, "Na wangu?"

"Wewe huna," Zuhair akamjibu. "Wewe ulidondoka njiani."

Yalikuwa masihara, tukacheka sote, na Fawziya naye akacheka. Kisha akanyanyuka na sahani yake kabla hajashiba. Bi Kaltham hakula tena mchana ule.

Alipomaliza skuli alipata nafasi ya kusoma Marekani, North Dakota, kwenye baridi isiyo na huruma. Mwaka 1985 akaja likizo. Kule, alasiri baada ya masomo, alikuwa akifanya kazi kwenye makumbusho ya chuo, kupanga vitu vya watu wa asili wa huko: Wamandan, Wahidatsa na Waarikara. Alituletea picha. Tukakaa sebuleni, feni inazunguka, tende na kahawa mbele yetu, yeye anatueleza moja moja. Kulikuwa na majembe yaliyotengenezwa kwa mifupa ya bega la nyati, na nyumba kubwa za mviringo zilizofunikwa udongo.

"Hizi wakijenga wanawake, Mama, na mwenye nyumba ni mwanamke. Mume ndiye anayehamia."

Bi Kaltham akanigeukia. "Umesikia, Aliya? Wewe ungekuwa kwenu, na mimi ningepumua."

Nikamwambia kwamba Yaarub angekuwa kwetu, na nani angemletea samaki? Akacheka mpaka akajifuta macho.

"Haya, na vijiji vyenyewe vya hao watu viko wapi?" akamuuliza mwanawe.

"Vya mwisho viko chini ya maji. Serikali ilijenga bwawa mtoni, bonde likajaa, wakahamishiwa juu. Hawawezi kurudi hata wakitaka."

Bi Kaltham akaweka kikombe chini, hakukigusa tena.

Picha ya mwisho ilikuwa ya kobe mdogo wa ngozi, kashonewa shanga mgongo mzima. Fawziya alisema yuko bibi mmoja wa Kihidatsa anayekuja makumbusho kumtazama kobe huyo tu. Ndiye aliyemweleza kwamba ndani mna kitovu. Kwao, mama alikuwa akimshonea mtoto kobe, akatia kitovu, mtoto akavaa. Wazee wa bibi yule walikuwa wakisema kitovu kikipotea mwenyewe hatulii, atapekua huku na huku akitafuta kitu asichokijua.

"Na huyu kobe wa nani?" Bi Kaltham akauliza.

"Hajulikani. Ana namba tu."

Fawziya akazikusanya picha taratibu. "Wameniambia nikimaliza nibaki, watanipa kazi. Sijawajibu. Kule mgeni, na hapa pia najiona mgeni. Labda maneno ya yule bibi ni kweli. Changu si kilitupwa Mombasa?"

Bi Kaltham aliinuka akaenda chumbani. Nikasikia mlango wa kabati. Akarudi na kijaluba, akamwekea mwanawe mapajani.

"Hakikutupwa. Nilitaka upate mnazi kama kaka zako. Nikawa nasema mwakani, mwakani. Niwie radhi, mwanangu."

Fawziya akafungua fundo. Kilikuwa kidogo, cheusi, kama karafuu. Akalia, na mimi nikalia.

"Ukitaka nitakishonea kobe uende nacho," mama yake akasema. "Au kingoje mpaka tukirudi."

"Tukizike hapa."

"Hapa minazi haioti."

"Hapa unalala wewe, Mama."

Ami Marhun, kaka wa marehemu baba yao, akatuletea mche wa mtende kutoka bustani yake ya Bidiya, nyuma ya pikapu. Miaka yote Bi Kaltham alikuwa akiudharau mtende, mti gani usio na dafu. Asubuhi ile alikataa kumpa mtu jembe. Alichimba mwenyewe, akapiga bismillahi, akakiweka kitovu, akausimika mche juu yake, akafukia kwa mikono. Zuhair alikuwa amesimama na ndoo ya maji, macho chini.

"Huu utaipita minazi yetu," akamwambia dada yake.

Mwisho wa Agosti Fawziya aliondoka. Kama atabaki kule au atarudi hakusema, na mama yake hakumuuliza. Ila pale garini alinishika mkono. "Aliya, mtende wangu usikose maji."

Kumwagilia kwenyewe hakunifikia. Ijumaa ile Bi Turkiya alipoingia, Bi Kaltham alikuwa uwani na ndoo yake.

"Kaltham, utarudi lini Unguja?"

Bi Kaltham alimimina maji mpaka yakamalizika, ndipo akamjibu.

"Nikijaaliwa, nitakwenda kutembea, nirudi."