Kipima Hewa Kilichooshwa

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa na bandari ikaanza kutapika injini za mitumba, mimi na kaka yangu tulikuwa na duka la spea mtaa wa Gerezani, Kariakoo. Mimi nilipatana bei, yeye aliosha mali. Brashi, petroli, kitambaa, kisha rangi ya fedha kidogo. Mteja wa Kariakoo hununua kwa macho.

Mhindu mmoja mwenye duka la misumari karibu na Mnazi Mmoja alikuwa na gari la rali. Wazee wake walishalichoka: lisipomaliza mashindano ya Jumapili, linauzwa, naye atulie na misumari yake. Kompyuta ya gari ilikuwa nzima. Kilichokufa ni kipima hewa, kidude chenye uzi mwembamba kama unywele ndani yake, kinachoiambia kompyuta hewa inayoingia ni kiasi gani, ili nayo itoe petroli inayotosha. Kariakoo nzima kilikuwepo kimoja, kwetu.

Jumamosi alikifunga garini hapo hapo nje ya duka, injini ikanguruma hadi muuza kahawa akahamisha birika lake. Tukapatana. Nilimwambia kipo kimoja. Nikahesabu tena, bado kimoja. Akacheka, akakifungua, akaenda dukani kwake kuleta pesa.

Huku nyuma kaka akakichukua. Alimpenda yule bwana, kila rali alikwenda kumshangilia. Aliona aibu kifaa kiende mashindanoni na matope ya Japani. Akakisugua nje, akakisugua na ndani. Mimi nilikisifu. Mteja aliporudi kiling'aa kama sufuria ya harusi. Alikuwa na haraka, akakitia mfukoni, akaondoka.

Jumapili gari lilikohoa kwenye mstari wa kuanzia, likazima. Wenzake wakampita mmoja mmoja, kaka akiangalia.

Jumatatu mteja alikuja, akakiweka kipima hewa mezani. Nilishajiandaa kubishana. Hakunitazama mimi, alimgeukia kaka.

"Kaka, uzi umekatika. Kilikuwa kichafu, lakini kilikuwa kinapumua."

"Nilitaka wewe upendeze," kaka akasema.

"Najua."

Pesa yake nilimrudishia bila kupatana, jambo ambalo duka lile halikuwahi kuliona. Gari liliuzwa mwezi ule ule.

Baadaye yule bwana alikuja kununua kioo cha pembeni cha pikapu ya dukani kwao. Kaka alikishika, kitambaa mkononi, akasita. Akamuuliza kama akifute.

"Hicho futa tu," mteja akasema. "Kinakwenda kwenye gari la misumari."