Familia Nyingine Ndani ya Jeep

Siku mume wangu alipoleta jeep nyumbani, jirani alikuja kumpa mkono, na mimi nikainama kuangalia chini ya gari. Nimeuza vitenge sokoni Butembo miaka mingi, na kitu kiking'aa juu lazima nikigeuze nione upande wa ndani. Muuzaji alikuwa bado amesimama langoni akiisifu. Mtu anayesifu gari lililokwisha kununuliwa, nilijiuliza, anaficha nini?

"Mama ya batoto, hii njo gari ya famille," mume wangu alisema. "Batu batano, kila mutu na kiti yake. Mvua ikinyesha, batoto hapana kulowana tena."

Hayo yalikuwa kweli, siyakatai. Jumapili tulifika misa na viatu safi, na vumbi la barabara lilibaki nje ya vioo. Matope ya msimu wa mvua, yale yanayoshika taksi ndogo mpaka mlangoni, jeep iliyapita juu. Lakini mimi nilitaka gari la mizigo. Kwetu mfanyabiashara akinunua gari lisilobeba mzigo, watu hutazamana. Mama yangu, tulipoenda kumtembelea kijijini Masereka, alifungua kofre, sehemu ya mizigo ya nyuma, akapima kwa macho, akauliza: "Na biazi bitakaa wapi?" Gunia moja liliingia, la pili likakataa, nami nikacheka. Wakati wa kurudi, kwenye mlima wenye utelezi, jeep ilianza kurudi kinyumenyume, ikabidi watu watoke shambani kutusukuma. Baadaye fundi alitueleza kwamba ilikuwa jeep kwa sura tu. Ilivutwa na magurudumu mawili ya mbele, kama gari dogo lolote. Nilimtazama mume wangu, naye akajifanya anatafuta ufunguo.

Tangu siku ile sikuiamini tena.

Mume wangu alikuwa na kazi Beni, kwenye depo ya kakao. Alishuka na jeep kila Jumatatu asubuhi, akapanda kurudi Ijumaa. Baada ya Pasaka nilianza kuona mambo. Kiti cha abiria cha mbele, kiti changu, nilikikuta kimesogezwa mbele hadi magoti yangu yakagonga. Nikakirudisha. Ijumaa iliyofuata, kimesogezwa tena. Nani huyo mwenye miguu mifupi hivyo?

Nikaanza kupekua. Kila Jumamosi nilichukua ndoo na kitambaa, nikasema naosha gari, kisha nikapitisha mkono chini ya viti. Nilipata kibanio cha nywele, chekundu, cha msichana anayejipenda. Wiki iliyofuata, soksi ya mtoto mchanga. Kisha unyoya wa kuku. Kisha kitambaa cha kichwa kinachonuka ugoro, cha bibi mzee kabisa. Nikaketi kwenye kiti cha nyuma nikaunganisha mambo: mwanamke kijana, mtoto wake, mama yake, na kuku wa zawadi. Kumbe hakuwa na hawara tu, alikuwa na familia nzima, mpaka mama mkwe anapandishwa gari. Nilikasirika hadi nikaunguza maharagwe.

Sikumwuliza wazi. Nilimwuliza tu kazi inaendaje. "Inaenda," alijibu, akaomba chumvi. Huyu ambaye zamani angeongea juu ya kakao, ile iliyokauka vibaya na ile iliyochanganywa na mawe, mpaka watoto wasinzie mezani! Ukimya huo nao nikauweka pamoja na kibanio.

Jumatano moja nilifunga meza yangu sokoni nikapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Beni. Joto la kule lilinikuta na sweta yangu ya Butembo mwilini. Njiani nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia yeye, na ya kumwambia huyo mwanamke, na haya ya pili yalikuwa marefu zaidi. Nilianzia depo. Mlango ulikuwa na kufuli lililoshika kutu. Mlinzi wa duka la pembeni alinitazama kwa huruma, kitu ambacho sikipendi.

"Mama, hapa balifunga tangu Pasaka. Bafanyakazi bote balirudia kwabo."

Tangu Pasaka! Basi kila Jumatatu alikuwa akishuka kwa mwanamke tu, bila hata kisingizio cha kazi. Hasira iliniishia palepale, ikabaki hofu. Niliona jinsi atakavyokuja Ijumaa moja kuchukua nguo zake. Sikutaka tena kumwona huyo mwanamke. Nilitaka watoto wangu. Nikaenda parking ya magari ya abiria kutafuta gari la kunirudisha.

"Butembo! Butembo! Inabakia mutu moja!" mwanaume mmoja mwenye kazi ya kuita abiria alipiga kelele, na kabla sijajibu alikuwa ameshika mfuko wangu. "Mama, kuya huku, utaikala mbele."

Akanifungulia mlango wa jeep yetu.

Nyuma walikuwa wamebanwa watu wanne na kuku. Kiti cha mbele kilikuwa kimesogezwa ili wale wa nyuma wapate pa kuweka magoti, na juu yake alikuwa tayari ameketi mama mmoja na mtoto mapajani. Kwenye usukani alikuwa mume wangu. Aliniona, akavuta kofia yake mpaka kwenye nyusi.

Niliingia. Tuligawana kiti mimi na yule mama.  Kwenye bariere ya barabarani mume wangu alivua kofia akawasalimu wanajeshi kwa sauti laini ambayo sijawahi kuisikia nyumbani. "Shofere, funga kioo, vumbi!" bibi mmoja aliamuru kutoka nyuma, naye akafunga. Sitaficha, nilikuwa na furaha. Hakuna mwanamke! Lakini kila alipoitwa shofere na kuitika, furaha hiyo ilipungua.

Abiria wa mwisho alishuka mwanzoni mwa Butembo, mbali na meza yangu ya sokoni. Tulipofika nyumbani mume wangu akazima gari, mikono ikabaki kwenye usukani.

"Juu ya nini haukuniambia?" nilimwuliza.

"Nilikuwa nakuona unapekua gari. Kila samedi, ku dirisha. Nilijua unafikiri niko na mwanamuke."

"Na ukaniacha tu?"

"Nilisema afazali ufikiri vile. Mwanamuke, mutagombana naye, itaisha. Lakini bwana bila kazi, ungemutazama namna gani?"

Ningekutazama vilevile, nilitaka kumwambia. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini mimi ni mtu wa kugeuza kila kitu nione upande wa ndani, na hayo nayo niliyageuza: je, ni kweli? Mimi niliyeicheka jeep yake mbele ya mama yangu, kwa sababu ya gunia moja la viazi?  Nilipokuwa bado nayageuza, yeye alifungua mlango akashuka.