Sabuni ya Mzee Hakimu

Jambo la kwanza nililolitambua kwa Bingwa ni kwamba hazungumzi na mtu, huzungumza na kioo. Ukishakaa kwenye kiti chake, husimama nyuma yako, mashine mkononi, akakutazama humo kiooni na kuanza kukueleza mambo ya mpira, dawa ya mba, bei za viwanja, hata malezi ya watoto, ingawa yeye hana mtoto hata mmoja. Sisi tuliopanga foleni kwenye benchi tunaonekana pia kwenye kioo hicho, kwa hiyo kila analomwambia mteja mmoja huwa hotuba ya saluni nzima.

Jina la Bingwa alipewa na fundi viatu wa kibanda cha jirani, mtu ambaye hushinda kwenye benchi la saluni kuliko kibandani kwake. Hakumpa kama sifa. Alimpa siku ambayo Bingwa alimweleza namna ya kushona soli. Lakini Bingwa alilipokea jina lile kwa mikono miwili, akaliandikisha hadi kwenye bango la nje, chini ya picha ya kijana aliyenyolewa panki.

Niseme ukweli, kwa kichwa na mashine hana mpinzani mtaani kwetu. Kazi alijifunza kwa mashine tangu mwanzo, na wembe huutumia kidogo tu, kusafisha kingo za ndevu baada ya kulowesha ngozi kwa maji. Kupaka uso wa mtu povu na kuupitishia wembe kuanzia sikio hadi kidevu, hiyo hakuwahi kuifanya. Sisi hatukulijua hilo, kwa sababu kila tulipouliza habari za kunyoa kwa zamani alikuwa na maelezo marefu.

Mchumba wake ni msaidizi kwenye duka la dawa lililo kwenye kona ya barabara yetu. Walikuwa wamekwisha kukubaliana wao wawili. Kilichobaki ni baba yake binti, karani mstaafu wa mahakama ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Hakimu, kwa sababu ya sauti yake na namna anavyouliza maswali. Mzee hakuwa amekataa wala kukubali. Kila binti alipomwomba awakaribishe wazee wa Bingwa nyumbani, alijibu kwamba mtu mwenyewe bado hajamjua.

Kisha Mzee Hakimu akateleza bafuni, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia, akafungwa plasta. Huyu ni mtu aliyejinyoa kila asubuhi ya maisha yake ya kazi kwa sabuni ya kunyolea, kipande cha duara kinachokaa ndani ya bakuli dogo la mbao. Kwa mkono wa kushoto hakuweza. Ndevu zikaota, nyeupe na za kuchoma, naye akaacha kutoka nje. Binti akaona hapo ndipo pa kuwakutanisha.

"Lakini utamnyoa kwa sabuni," alimwambia Bingwa, amesimama mlangoni mwa saluni na koti lake jeupe la kazini. "Mashine inamletea vipele. Unaweza kweli?"

"Naweza?" Bingwa alicheka kiooni. "Mama, sabuni ndiyo niliyoanzia."

Mzee Hakimu alikuja akiwa amevaa shati lililopigwa pasi, plasta yake ikining'inia kwenye kitambaa shingoni, na mfuko mkononi. Benchi lote lilimwamkia. Alikaa kitini wima kama anayepigwa picha, akatoa bakuli lake la sabuni, halafu brashi nene yenye nywele fupi zilizoshonana.

"Nimekuja na vifaa vyangu, kijana."

"Sabuni nipe, mzee wangu. Brashi rudisha tu mfukoni. Hapa kwetu kila kitu kipo."

Akaichukua brashi iliyoning'inia kwenye msumari, ile ndefu na laini ambayo vinyozi wote huitumia kupangusa nywele shingoni na kupaka poda mteja anapomaliza. Niliiona, na sikushangaa, maana na mimi sikujua tofauti. Mzee aliitazama. Alifungua mdomo, akaufunga tena. Nadhani aliona ni adabu kumwachia fundi kazi yake.

Bingwa aliichovya brashi kwenye maji, akaisugua kwenye sabuni huku akisimulia jinsi mabwana wa zamani walivyojua kujitunza. Likaja povu jepesi lenye mapovu makubwa kama ya kuoshea vyombo. Alipolipaka lilisimama kidogo, likatoweka. Akaongeza maji. Yakateremka shingoni kwa mzee na kuingia ndani ya shati.

"Bingwa," fundi viatu aliita kutoka kwenye benchi, "unamnyoa au unamwogesha?"

Watu wakacheka. Bingwa akazidisha kasi. Ndipo zile nywele ndogondogo zilizokuwa zimejificha ndani ya brashi, nywele za wateja wote wa asubuhi hiyo, zikaanza kushuka kwenye uso wa mzee na kunasa katikati ya ndevu zake nyeupe.

"Jamani mzee karudi ujanani! Ndevu zimekuwa nyeusi!" mtu akapaza sauti kwenye benchi.

Benchi lilivunjika mbavu. Nami nilicheka. Mzee Hakimu hakucheka, alikuwa amefumba macho. Bingwa alichukua wembe, akaanza shavu la kulia. Ulikwaruza kwa sauti tuliyoisikia sote. Akamaliza upande huo kwa shida, akafika kidevuni, na hapo damu ikatokea, ikachanganyika na maji ya sabuni, ikatiririka hadi kwenye kola.

Kama angesema "samahani, mzee," nafikiri mambo yangeishia pale. Badala yake alitutazama kiooni, sisi sote tuliotoa macho, akasema kwa sauti ya hotuba zake:

"Tatizo ni hii sabuni yako, mzee. Hii imeshakufa. Hizi sabuni za zamani mtu anauziwa takataka, anaitunza kabatini kama dhahabu."

Kicheko kilikatika. Mzee Hakimu alifumbua macho.

"Imekufa?"

"Imekufa kabisa."

Mzee alijifuta uso kwa leso yake, taratibu, kwa mkono wa kushoto. Akasimama, akauchukua mfuko wake.

"Kama imekufa," alisema, "itupe."

Akatoka vile vile, shavu moja limenyolewa, jingine lina ndevu, leso ameibana kidevuni. Akapita barabara nzima mchana kweupe. Bakuli lake lilibaki mezani, kando ya mashine.

Tangu siku ile saluni ilibadilika. Bingwa alinyoa ameinamisha kichwa. Redio ilizimwa. Mteja akianzisha habari, alijibiwa "ndiyo" au "ehe." Asubuhi aliacha njia ya duka la dawa, akawa anazunguka kwa nyuma, kwenye mtaro, viatu vikilowa. Fundi viatu alimtania mara mbili tatu, akaona hajibiwi, utani wenyewe ukamkinaisha. Aibu ya mtu mwenye maneno mengi ni nzito kuitazama. Ungedhani amefiwa.

Binti alikuja mwenyewe. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi Bingwa.

"Baba kukatwa na wembe si kitu. Amejikata mwenyewe mara ngapi? Lakini mwenzangu, umemwambia mbele za watu kwamba anatunza takataka. Sabuni ile anaisifia kwa kila mgeni. Sasa hataki kutoka ndani, na jina lako halitajwi mezani."

"Hata mimi si—"

"Wazee wako usiwaambie lolote kwa sasa." Akarudi kazini.

Asubuhi moja nilikwenda mapema, kwa kuwa nilikuwa na usaili wa kazi, nikakuta mlango wa saluni uko nusu wazi. Bingwa alikuwa peke yake, kifua wazi, mbele yake birika la maji ya moto, brashi mpya ya kunyolea aliyoitafuta sokoni, na bakuli la Mzee Hakimu. Uso wake ulikuwa umepakazwa ute mweupe usioeleweka.

Alishtuka kama mwizi. Kisha akaniambia ukweli wote, pengine kwa sababu hakuwa na pa kuuficha. Alikuwa ameanza kuijaribu ile sabuni kila asubuhi kabla ya kufungua, akiomba iwe imekufa kweli. Hapo angeweza kwenda kwa mzee na kusema, unaona, sikukosea.

"Na imekufa?"

"Kaa uone."

Siku za kwanza, alisema, aliizamisha kwenye maji, povu likakimbia. Alipobana maji, sabuni ikaganda kwenye ngozi kama gundi. Sasa aliiloweka brashi kwenye maji ya moto, akaikung'uta vizuri, akaanza kuizungusha juu ya sabuni. Hakuharakisha, wala hakusema neno. Sauti ya brashi ilianza kavu, ikalainika, hadi nywele zake zikabeba uji mzito mweupe. Akaupeleka shavuni, akazungusha. Akachovya ncha tu ya brashi kwenye maji, akazungusha tena. Tone jingine. Taratibu mapovu makubwa yakapasuka na kwisha, na kilichobaki usoni kwake kilikuwa kizito kama mtindi, laini, kinang'aa kama rangi iliyopakwa sasa hivi. Saluni ikanukia usafi wa nguo mpya. Alipopitisha wembe sikusikia kitu. Nyuma yake ngozi ilitoka laini, bila mkwaruzo, bila damu.

Nilipiga makofi bila kujizuia. Yeye hakufurahi. Alichukua ile brashi ndefu ya msumarini, akaisugua kwenye sabuni ile ile. Povu likainuka, likafa. Alipoisuuza, ungaunga mweupe ukatua chini ya maji ya bakuli la kuoshea.

"Poda," alisema. "Ni poda iliyomo ndani ya brashi yangu. Na nywele za watu. Sabuni ya mzee ni nzima kuliko mimi."

Alikaa kwenye kiti cha wateja, povu likikauka kwenye shavu la pili.

"Utamwambia?" niliuliza.

"Nimwambie nini? Kwamba nilimdanganya mwanawe, nikamdanganya na yeye, halafu nikamsingizia?"

"Ndiyo," nikajibu. Alinitazama, nikaona aibu kuwa nimejibu haraka vile.

Alijaribu kwanza njia ya mkato. Alipita duka la dawa, akamwomba mchumba wake amfikishie baba ujumbe kwamba sabuni ni nzima.

"Mimi si redio yako," binti akamwambia. "Jikaze kisabuni, uende mwenyewe."

Akaenda, nami akaniburura. Bakuli alilifunga kwa taulo safi. Tulimkuta Mzee Hakimu barazani, plasta ameilaza juu ya mto, uso wote umefunikwa ndevu. Bingwa alimwamkia, akabaki amesimama, jasho linamtoka.

"Mzee, nimeirudisha sabuni yako. Haijafa."

"Nani alisema imekufa?"

"Mimi."

"Ulimwambia nani?"

"Wewe, mzee."

"Mimi peke yangu?"

Bingwa alitazama vidole vya miguu yake. "Hapana. Nilisema mbele za watu. Na brashi niliyotumia ilikuwa chafu, na kunyoa kwa sabuni nilikuwa sijawahi. Nilidanganya kwa sababu niliogopa utaniona si kitu. Nisamehe, baba."

Mzee aliisogeza plasta yake juu ya mto. Mimi nilitamani ardhi ipasuke, na kosa halikuwa langu.

"Nimesikia," alisema hatimaye. "Lakini hapa hakuna aliyecheka siku ile, isipokuwa huyu kijana msomi uliyekuja naye." Nikainamisha kichwa. "Waliosikia mimi natunza takataka wako kule kwenye benchi lako. Hayo uliyoniambia hapa, uniambie kule kule, wakiwepo wale wale. Jumamosi asubuhi nitakuja."

"Na kunyoa, mzee? Nitakunyoa?"

"Ukishasema, nitaamua kama nakaa kitini au narudi nyumbani. Sabuni baki nayo. Usinimalizie."

Jioni yake binti alimwambia Bingwa kwamba baba ameuliza wazee wake wanaishi wapi, na kwamba yeye amemjibu, "Subiri Jumamosi, baba."

Leo ni Jumamosi. Habari imeenea, na benchi limejaa mapema kuliko siku ya sikukuu. Fundi viatu amekuja na kigoda chake mwenyewe. Bingwa angeweza kutufukuza, na naamini alitamani, lakini sisi ndio tuliosikia, kwa hiyo anatuhitaji tukae.

"Nawaombeni," alisema alipofungua, "msicheke."

"Mimi sicheki," fundi viatu akaapa. "Nitacheka baadaye, nyumbani kwangu."

Brashi imekwisha kulowekwa. Maji yamechemka, yamepoa, yamechemshwa tena. Mteja mmoja wa kupita aliuliza kama anaweza kunyolewa haraka, akaambiwa kwa upole arudi mchana. Bingwa hatutazami. Amesimama kizingitini, anakunja taulo, analikunjua, midomo inatembea bila sauti, anayapanga maneno atakayoyasema mbele yetu. Kila mtu anapochomoza kwenye kona ya duka la dawa, benchi zima linanyoosha shingo kuangalia kama mkono wake umefungwa plasta.