Chupa Niliyoinusa

Juzi, kwenye kituo cha mafuta, petroli ilinimwagikia kiatuni, na harufu yake ikanirudisha Mengo, jikoni kwa shangazi Zuhura.

Mafuta ya taa yalikuwa yameadimika. Alasiri ile ya Ramadhani jirani yetu, mke wa askari, alituletea chupa nzima tupikie futari. Siku hizo watu walichanganya petroli humo, kwa hiyo kila chupa ilinuswa kwanza. Shangazi alikuwa na mafua, akaniwekea mimi puani, bila kunieleza tunatafuta harufu gani.

"Mazuri?"

"Mazuri sana, shangazi." Yalinukia kama gari la baba.

Akajaza jiko, akawasha kiberiti. Nakumbuka mlipuko, kisha harufu ya nywele zikiungua. Alilazwa Mulago siku tatu, tukaletewa maiti.

Baada ya maziko baba alinivuta kando. "Ukiulizwa, sema jiko lilikuwa bovu. Chupa hukuiona. Umesikia?"

Nilimkumbatia miguuni kwa shukrani, nikidhani ananifichia kosa langu. Kumbe alikuwa akimwogopa yule askari. Kosa langu hakulijua, na amekufa bila kulijua.