Daftari la Majibu ya Skrini Nyeusi

Siku yangu ya kwanza kwenye ghala la pamba, Bunda, Meneja Wambura alinikalisha mbele ya skrini nyeusi. Haina picha, unaandika amri, unabonyeza, inajibu. Mimi niliishia darasa la nne, Butiama. Akaniambia, "Mama Bhoke, andika namba ya robota, usiogope." Robota ni mzigo wa pamba iliyoshindiliwa.

Inajibu, ndiyo, ila vipi! Namba ikikosewa, leo inasema "Batili", kesho "Imegoma". Nikahamishiwa Musoma, nikakuta programu ile ile na vituko vile vile. Kwa kuwa nasoma polepole, nilikuwa nanakiliga kila jibu kwenye daftari, pamoja na nilichokuwa nimefanya. Nilitaka tu kujua inawaza nini.

Niliporudi Bunda nikapewa mwenzangu, Nyamisi. Asubuhi moja mashine ikamwambia "Imeshindikana". Kwa kawaida maana yake robota halijaandikwa, basi akaliandika upya. Kumbe siku hiyo ni lebo tu iliyoshindwa kuchapwa, karatasi zimeisha. Robota moja likaingia mara mbili, na lori likakaa kutwa nzima watu wakitafuta mzigo usiokuwepo.

"Nyamisi, kesho usije," Meneja akasema.

"Subiri, Meneja. Huyu amedanganywa."

"Na mashine nayo inadanganya, Mama Bhoke?"

Nikaleta daftari. Akaitwa Magesa, aliyeitunga programu. Akasoma, akajishika kichwa. "Haya yote niliandika mimi?"

"Wewe. Kila siku na hali yako."

Akacheka. "Ungetaka iseme vipi, mama?"

"Kwetu mjumbe wa msiba haishii kulia mlangoni. Anasema katumwa na nani, kumetokea nini, na ninyi mfanye nini. Kila nyumba, mpangilio huo huo."

Meneja akakubali Nyamisi abaki kwanza. Wiki nzima tulikosea makusudi, mimi naye: tunaweka herufi penye namba, tunachomoa waya, tunatoa karatasi. Kazi tamu hiyo! Magesa anarekebisha. Mwisho ikajibu: "Lebo: haijachapwa, karatasi zimeisha. Robota limehifadhiwa. Weka karatasi, usiandike tena."

Nyamisi akaisoma kwa sauti, mara mbili. Meneja akamvutia kiti akae.

Sasa nimestaafu, niko Bweri. Simu ikiniambia "Kuna tatizo", bado naiuliza: tatizo gani, nifanyeje? Ningeandika, ila daftari aliliomba Nyamisi. Yuko kwenye kiti kile mpaka leo. Juzi alinipigia: limejaa, amenunua jingine.